Hekalu la Yerusalemu lilikuwa la sala au la kuchinjia?

Kuna simulizi ambayo imehubiriwa sana hadi hakuna anayeihoji. Zamani, tunaambiwa, Wayahudi walimwendea Mungu kwa damu ya mafahali na mbuzi. Makuhani walichinja, wakanyunyiza, wakachoma, na watu wakarudi makwao. Manabii wakaikemea ibada hiyo kavu, Warumi wakalibomoa Hekalu mwaka 70 BK, na sala ikachukua nafasi ya sadaka. Wanaoisimulia zaidi ni wahubiri wa Kikristo, lakini wapo pia Wayahudi wa leo wanaoipenda, kwa kuwa inawapa dini iliyokomaa, iliyoacha kisu na kushika kitabu.

Mhubiri huyohuyo, akifika kwenye habari ya Yesu kupindua meza za wabadili fedha, husoma maneno ya Isaya 56 kwamba nyumba ile itaitwa nyumba ya sala. Kama kazi ya nyumba ilikuwa kuchinja tu, Isaya sala aliitoa wapi? Na Sulemani je? Siku ya kuliweka wakfu Hekalu, katika 1 Wafalme 8, anaomba dua ndefu: anaombea mvua, njaa, vita, mateka, hata mgeni atokaye nchi ya mbali. Wanyama wapo kwa maelfu, kabla ya dua na baada yake, lakini ndani ya maneno yenyewe hawamo. Madhabahu anaitaja mara moja tu, na ni kwa habari ya mtu anayekula kiapo.

Kwa hiyo swali lipo, na wasomi wamelivutania kwa muda mrefu. Upande mmoja unasema kiini cha Hekalu kilikuwa kimya kabisa, na kwamba sala ilikuwa jambo la pembeni ambalo makuhani walilivumilia tu. Upande wa pili unasema mahali pale palijaa maneno na nyimbo tangu alfajiri hadi jioni. Mimi naona kila upande umeshika ushahidi wa kweli, ila wote wanauliza kilichosemwa bila kuuliza kwanza kilisemwa na nani.

Tuanze na wenye kutetea ukimya, maana hoja yao ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Fungua Mambo ya Walawi, sura ya 1 hadi ya 7. Mtu analeta ng'ombe dume mkamilifu mlangoni pa hema. Anaweka mkono juu ya kichwa cha mnyama. Anamchinja, na ni yeye mwenye sadaka anayechinja, si kuhani. Makuhani wanaipokea damu na kuinyunyiza pande zote za madhabahu. Ngozi inachunwa, nyama inakatwa vipande, kuni zinapangwa juu ya moto, matumbo na miguu vinaoshwa kwa maji. Mwandishi ana habari za figo mbili na mafuta yaliyozizunguka, na kitambi cha ini, na mahali pa kumwaga majivu. Utakachotafuta usikipate ni neno. Hakuna hata mstari mmoja unaomwambia kuhani aseme nini wakati sadaka ya kuteketezwa inapanda moshi.

Yehezkel Kaufmann, msomi aliyezaliwa Ukraine mwaka 1889 na kufundisha Yerusalemu miaka yake ya mwisho, aliona kwamba ukimya huo haukutokea kwa bahati mbaya. Katika mahekalu ya Misri na Babeli tendo la kuhani halikukamilika bila maneno, na maneno yale yalikuwa na nguvu ya kuwasukuma miungu kutenda. Ukitamka sawasawa, mungu hana budi. Waisraeli, kwa maoni ya Kaufmann, waliukata mzizi huo kwa kumfunga kuhani mdomo: atende alichoamriwa, na asitamke kitu kinachofanana na uganga. Baada yake msomi mwingine, Israel Knohl, akaisogeza hoja mbele. Kwake yeye, makuhani walikuwa na namna yao ya kumfikiria Mungu, aliye mtakatifu kiasi kwamba huendi kwake na orodha ya shida zako. Dua na nyimbo ziliachwa nje, kwa watu.

Wanaopinga huwahi kuorodhesha yale yanayovunja kanuni. Kuna baraka ya makuhani katika Hesabu 6. Kuna siku ya Upatanisho, ambapo kuhani mkuu anaungama dhambi za taifa huku ameweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi. Kuna mtu wa kawaida anayeambiwa aungame kosa lake kabla ya kuleta sadaka ya hatia. Yote ni kweli. Lakini angalia maneno hayo yanaelekea wapi. Baraka inawaelekea watu. Ungamo ni kukiri, halina ombi ndani yake. Na hotuba ndefu kuliko zote inayohusu sadaka katika Torati, ile ya malimbuko katika Kumbukumbu la Torati 26, haikutiwa kinywani mwa kuhani. Anayeisema ni mkulima. Kuhani anapokea kikapu na kukiweka mbele ya madhabahu, basi. Mkulima ndiye anayesimulia habari za baba yake Mwarami aliyeteremkia Misri, utumwa, na nchi ijaayo maziwa na asali, na ndiye anayemalizia kwa kusema kwamba sasa ameleta matunda ya ardhi.

Kabla hata Hekalu halijajengwa, mgawanyo huo ulikuwa umeshaonekana Shilo. Hana, mke asiye na mtoto, amepanda na familia yake kutoa dhabihu ya kila mwaka. Wamekula na kunywa. Ananyanyuka peke yake, anakwenda kuomba kwa uchungu, midomo inacheza na sauti haisikiki. Eli kuhani amekaa kitini karibu na mwimo wa mlango, anamtazama, na anaamua kwamba mwanamke huyu amelewa. Kisa hiki huhubiriwa kama funzo la imani, na ni sawa. Mimi hunivuta zaidi kwa kinachotuambia kuhusu kuhani. Hamwongozi Hana katika sala. Hana maneno ya kumpa. Hata hatambui kwamba ni sala. Kazi yake ni sadaka, na sadaka ya siku hiyo imekwisha kuliwa. Marabi wa karne za baadaye, walipotafuta mahali pa kujifunzia adabu za sala, hawakwenda kwa Eli wala kwa mwana yeyote wa Haruni. Walikwenda kwa Hana, wakachukua kwake kwamba midomo lazima itamke na sauti isipazwe.

Kwa Hekalu la pili, lililokamilika yapata mwaka 515 KK, tuna mashahidi wawili, na kwa kuwasikiliza tu utadhani kila mmoja alikwenda kwenye hekalu lake. Wa kwanza ni mwandishi wa barua ya Kigiriki inayojulikana kwa jina la Aristeas, inayowekwa na wasomi wengi katika karne ya 2 KK. Anasimulia kwamba makuhani mia saba walikuwa kazini kwa pamoja, wengine wakibeba kuni, wengine mafuta, wengine unga, wengine vipande vya nyama, na ukimya ulikuwa mzito kiasi cha kudhani hapakuwa na mtu hata mmoja. Wa pili ni Yoshua bin Sira, mtu wa Yerusalemu, aliyeandika mwanzoni mwa karne hiyohiyo. Sura yake ya 50 inamchora kuhani mkuu Simoni akitoka nyuma ya pazia. Wana wa Haruni wanapiga kelele, wanapuliza tarumbeta za madini yaliyofuliwa, watu wote wanaanguka kifudifudi kwa pamoja, waimbaji wanaimba, na watu wanaendelea kumsihi Bwana mpaka ibada inapomalizika. Kisha Simoni anashuka, anainua mikono juu ya mkutano, na kuwabariki.

Ni rahisi kusema mmoja anatia chumvi, na Aristeas kweli ana sababu ya kutia chumvi: anawaandikia wasomaji wa Kigiriki, anataka waione dini ya Kiyahudi kama jambo la heshima na utulivu. Lakini watazame wanakoangalia. Aristeas anawakodolea macho makuhani wakiwa kazini. Bin Sira yuko pamoja na umati uani, anaona kile umati unachokiona na anatoa sauti umati unapotoa. Tarumbeta zinalia sadaka ikiwa imekwisha kumiminiwa divai. Hawapingani hata kidogo.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi katika Mishna, mkusanyo wa sheria na desturi za marabi, sehemu iitwayo Tamid, inayoeleza asubuhi moja ya kawaida Hekaluni. Sadaka yenyewe ilikuwa mwanakondoo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila siku bila kukosa, kama Kutoka 29 inavyoagiza. Makuhani wa zamu wamelala katika jengo lenye moto. Kabla ya mapambazuko msimamizi anabisha hodi, kura zinapigwa. Aliyepata kura ya kuondoa majivu anaingia peke yake, bila taa mkononi, akitembea kwa mwanga wa moto wa madhabahu. Wenzake hawamwoni wala hawamsikii, mpaka inapofika sauti ya gurudumu la mbao, kile chombo alichotengeneza Ben Katini cha kuteremshia birika la shaba kisimani. Hapo wanajua ameshafika kunawa mikono na miguu, nao wanakuja mbio. Ukimya wa Aristeas ndio huo.

Mwanakondoo anachinjwa, anakatwa, vipande vinapelekwa hadi kwenye ngazi ya mteremko wa madhabahu na kutiwa chumvi. Halafu, nyama ikiwa bado imelala pale haijafika motoni, makuhani wote wanaiacha. Wanashuka, wanaingia chumba cha mawe ya kuchonga, na msimamizi anawaambia wabariki baraka moja. Wanabariki. Wanasoma Amri Kumi. Wanasoma "Sikia, Ee Israeli" na vifungu viwili vinavyofuatana nayo. Wanaongeza baraka tatu, mojawapo ikiomba kwamba ibada hii ikubaliwe. Siku ya Sabato wanaongeza ya nne, kwa ajili ya zamu inayotoka. Wakimaliza, wanarudi. Kura ya uvumba inapigwa miongoni mwa wale ambao hawajawahi kuufukiza, uvumba unawashwa, makuhani wanasimama ngazini na kuwabariki watu kwa kulitamka Jina lenyewe la Mungu. Ndipo vipande vinatupwa motoni, divai inamiminwa, naibu wa kuhani mkuu anapunga kitambaa, Ben Arza anapiga matoazi, na Walawi wanaimba zaburi ya siku: Jumapili ya 24, Jumatatu ya 48, na kuendelea hadi Sabato, zaburi ya 92. Kila kituo kwenye wimbo tarumbeta hulia, na watu husujudu.

Sijui kama kuna maelezo mengine ya kale yanayoweka sala na sadaka pamoja kiasi hiki na bado yakazitenga kwa ukuta. Sala ipo katikati ya sadaka, imeikatiza sadaka, na bado haisemwi madhabahuni. Inasemwa chumba cha pili. Kuhani akiwa amesimama mbele ya moto, hana la kusema. Akitaka kusema, anatoka.

Wenye shaka watanikatiza hapa, na wana haki. Mishna ilikusanywa yapata mwaka 200 BK, zaidi ya karne moja tangu moto wa Warumi. Marabi walioikusanya walikuwa watu wa sala na masomo. Si wangependa tu kuona desturi zao zikifanywa na makuhani wa zamani? Orodha ile ya chumba cha mawe inafanana mno na sala ya asubuhi waliyoisali wao wenyewe. Ezra Fleischer, mtaalamu wa ushairi na sala za Kiebrania, alikwenda mbali zaidi mwaka 1990: alidai kwamba sala ya pamoja iliyo ya lazima haikuwepo kabisa kabla ya 70, bali ilitungwa Yavne, mji ambako marabi walikusanyika baada ya maafa, kwa amri.

Kwa kiasi kikubwa shaka hiyo naikubali. Ila kwa orodha ya chumba cha mawe inakwama kwenye Amri Kumi. Marabi hawakuzisali kila siku. Talmudi yenyewe, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inaeleza katika sehemu ya Berakhoti kwamba watu walitaka kuzisoma nje ya Hekalu na wakazuiwa, kwa sababu ya hoja za wazushi waliodai kwamba Amri Kumi peke yake ndizo zilizotoka kwa Mungu. Mtu anayebuni historia ili ifanane na desturi yake haweki ndani yake jambo ambalo desturi yake imelipiga marufuku. Kisha upo ushahidi wa kushikika: kipande cha mafunjo kilichonunuliwa Misri na W. L. Nash na kuchapishwa mwaka 1903, kilichoandikwa karne ya 2 au ya 1 KK. Kina Amri Kumi, na papo hapo chini yake kinaanza "Sikia, Ee Israeli". Mpangilio ni uleule wa makuhani wa Tamid. Kwa hiyo sala ile ilikuwepo, na ilikuwa ya zamani.

Tukiacha makuhani waendelee na kazi na kugeukia ua, mambo ni mengine kabisa. Luka, akisimulia habari za Zekaria baba yake Yohana, anataja kwa kupita tu kwamba wakati yeye yuko ndani akifukiza uvumba, watu wote walikuwa nje wakisali. Alipochelewa, wakaanza kustaajabu. Mishna, katika Yoma, inatuambia kwa nini kuchelewa kuliwashtua. Siku ya Upatanisho kuhani mkuu akishatoka Patakatifu pa Patakatifu alisali sala fupi katika chumba cha nje, wala hakuirefusha, asije akawatia Israeli hofu. Hebu tulia hapo kidogo. Huyu ni mtu mmoja, siku moja ya mwaka, mahali patakatifu kuliko pote walipopajua. Kama Hekalu lingekuwa na saa ya sala kuu ya kikuhani, ingekuwa hiyo. Kumbe sala yake inafupishwa, na haisemwi mahali penyewe bali hatua chache nje, kwa sababu watu wanamsubiri na wanaogopa amekufa. Umati nje ndio unaosali kwa urefu unaoutaka.

Na Pasaka? Uani makundi matatu yaliingia moja baada ya jingine, milango ikafungwa. Makuhani walijipanga safu za mabakuli ya dhahabu na safu za mabakuli ya fedha, wakapokezana damu mkono kwa mkono hadi madhabahuni. Muda wote huo Halleli iliimbwa, zaburi 113 hadi 118. Ikiisha kabla ya kazi, inarudiwa. Mishna inaongeza jambo dogo ambalo nalipenda: kundi la tatu halikuwahi kufika kwenye maneno "nampenda Bwana kwa kuwa anasikiliza", mwanzo wa zaburi 116, kwa sababu watu wake walikuwa wachache. Wimbo ulipimwa kwa idadi ya wanakondoo. Kwa mtetezi wa sala hiyo ni habari njema na mbaya kwa mpigo: maneno yapo, lakini mnyama ndiye anayeyaanzisha na ndiye anayeyakata.

Hapo ndipo ninapoachana na simulizi ya kwamba sadaka ilikuwa kikwazo na sala ikaja kuikomboa dini. Sadaka ndiyo iliyoipa sala saa yake. Mtunga zaburi ya 141 anaomba sala yake ipae kama uvumba, na kuinua kwake mikono kuwe kama dhabihu ya jioni. Ezra, amekaa ameduwaa siku nzima kwa huzuni, anainuka kuomba ifikapo saa ya dhabihu ya jioni. Yudithi, katika mji ulio mbali, anamlilia Mungu saa ileile uvumba unapofukizwa Yerusalemu. Petro na Yohana wanapanda Hekaluni saa ya kusali, saa tisa, nayo ni saa ya mwanakondoo wa jioni. Uvumba ulifanya kazi ambayo adhana inaifanya katika mji wa pwani: hata aliye sokoni au jikoni anajua ni wakati. Na Danieli, ambaye kitabu chake kinamweka Babeli Hekalu likiwa magofu, anasema malaika alimjia yapata wakati wa dhabihu ya jioni. Hakuna aliyekuwa akitoa dhabihu yoyote Yerusalemu. Saa iliendelea kuhesabika.

Ushahidi wa nje ya Yerusalemu unanisogeza zaidi upande huu. Mwaka 1913 wachimbaji katika Mji wa Daudi waliopoa kutoka kisimani jiwe lenye maandishi ya Kigiriki ya Theodoto, kuhani na mkuu wa sinagogi. Linaeleza kwa nini sinagogi ilijengwa: kusomea Sheria, kufundishia amri, na kuwapa wageni wenye shida malazi, vyumba na maji. Sala haimo kwenye orodha. Lakini huko Misri, tangu karne ya 3 KK, Wayahudi waliandika juu ya majengo yao kwamba ni nyumba za sala, wakimtakia heri mfalme Ptolemaio. Wenye Hekalu mlangoni walikwenda kusali Hekaluni, na sinagogi kwao ilikuwa darasa na nyumba ya wageni. Walio mbali walihitaji mahali pa kusalia. Vivyo hivyo watu wa Qumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, waliogombana na makuhani wa Yerusalemu na kujitenga: magombo yao yana sala zilizopangwa za asubuhi na jioni kwa kila siku ya mwezi. Kwa Myahudi wa kawaida wa Yerusalemu, basi, Fleischer huenda yuko karibu na ukweli. Mtu huyo alisali kwa maneno yake mwenyewe uani. Kwa waliokuwa mbali, au waliokosana na wenye Hekalu, nadhani amekosea. Wao maneno yaliyopangwa yaliwalazimu mapema, kwa kuwa hawakuwa na moshi wa kuutazama.

Kuna jamii moja iliyopitia jambo hili kwa uchungu mwingi, nayo haitajwi mahubirini. Katika kisiwa cha Elefantine, kwenye Mto Nile karibu na Aswani, askari wa Kiyahudi walikuwa na hekalu lao la Mungu Yahu. Mwaka 410 KK likabomolewa kwa uchochezi wa makuhani wa Misri wa mungu Khnumu. Miaka mitatu baadaye wakamwandikia Bagohi, gavana wa Uyahudi, barua ya Kiaramu ambayo nakala zake zipo mpaka leo. Wanasema tangu siku ile wao, wake zao na watoto wao wamevaa magunia, wamefunga na kumwomba Yahu Bwana wa mbinguni. Kwa simulizi yetu ya mwanzo, watu hawa wangekuwa wamefika: hawana madhabahu, wana sala. Wao hawakuona hivyo. Barua nzima ni ombi la kuruhusiwa kujenga tena ili watoe sadaka ya unga, uvumba na ya kuteketezwa. Jibu waliloletewa linataja unga na uvumba. Sadaka ya kuteketezwa imeachwa. Waliposali miaka mitatu, walichokiomba katika sala ni sadaka.

Inabaki hoja ya manabii, ambayo kila mtu anaitegemea. Isaya sura ya 1 kweli inasema Mungu ameshiba sadaka za kuteketezwa za kondoo waume. Ila endelea mistari minne tu: hata wakikunjua mikono na kuomba maombi mengi, hatasikia, maana mikono yao imejaa damu. Kama sura hiyo inafuta sadaka, basi inafuta na sala pamoja nayo. Sioni namna ya kuchukua nusu.

Baada ya 70, marabi hawakukubaliana, na sifa yao ni kwamba waliliandika bishano lenyewe. Katika Berakhoti, rabi Yose bin Hanina anasema sala tatu za siku ziliwekwa na Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Rabi Yehoshua bin Levi anasema ziliwekwa kufuata sadaka za kila siku. Kurasa chache mbele rabi Elazari anasema sala ni kubwa kuliko sadaka. Papo hapo, kwa jina lake huyohuyo, tunasoma kwamba tangu siku Hekalu lilipobomolewa milango ya sala imefungwa, na ukuta wa chuma umesimama kati ya Israeli na Baba yao wa mbinguni. Wahariri wa Talmudi hawakuona haja ya kuchagua. Karne nyingi baadaye Maimonide, rabi na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1204, alichagua: sadaka, aliandika, iliruhusiwa kwa sababu watu hawakuweza kuachishwa ghafla walichokizoea, na sala iko karibu zaidi na kusudi la Mungu. Nahmanide, rabi wa kizazi kilichofuata, akamjia juu, akiuliza kwamba Habili na Nuhu walipotoa sadaka, ibada ya sanamu waliyokuwa wakiachishwa ilikuwa wapi? Na Maimonide yuleyule, katika mkusanyo wake wa sheria, aliandika kanuni za sadaka zote kwa ukamilifu, mpaka vipimo vya madhabahu, tayari kwa siku Hekalu litakapojengwa tena.

Ile baraka ambayo makuhani waliisema chumba cha mawe, wakiomba ibada ikubaliwe, haikufa. Imo katika sala ambayo Myahudi mshika desturi anaisali mara tatu kwa siku. Zamani mwenye kuisema aliiacha nyama ngazini na kurudi kuichoma. Leo inaomba pia kwamba ibada irudishwe nyumbani mwake. Mwaka 1819 jumuiya ya wanamageuzi ya Hamburg ilichapa kitabu cha sala kilichobadilisha maombi ya kurudishiwa sadaka, na marabi wa sehemu mbalimbali za Ulaya wakaandika kukilaani. Wengine baadaye wameyaacha maneno yakabaki, wakageuza vitenzi vyake tu: badala ya "tutatoa mbele zako", wanasali "walitoa". Bishano hilo bado liko wazi, na linaendeshwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona moshi wa Hekalu.